Mwalimu Aliyeazima Mafiga

Jina lake sitalitaja. Watu wa milima yetu ya Masisi watamjua kabla sijafika mbali, na wewe usiye wa huku hutapungukiwa na kitu, maana hata sisi tuliokaa naye miaka mingi hatukumwita jina. Alikuwa Mwalimu. Wengine walikuwa Mwalimu wa Hesabu, Mwalimu wa Kifaransa, Mwalimu mwenye baiskeli. Yeye alikuwa Mwalimu tu, ikatosha. Ukimwona mtu mzima kando ya barabara anagombana na jiwe, analigeuza, analikemea, halafu analilamba, ujue umefika kwetu.

Ndiyo, alikuwa analilamba. Alitufundisha darasani kwamba jiwe likilowa linatoa rangi yake ya kweli, na hilo sikatai. Lakini maji yapo! Mto unapita chini ya shule, na mvua ya Masisi hainyimi mtu. Nilimwona siku moja amesimama katikati ya mvua, maji yanamtiririka puani, jiwe liko mkononi, naye anatoa ulimi. Nikamwuliza, "Mwalimu, mvua haitoshe?" Akanijibu, "Mvua haiseme kitu, mwanafunzi. Ulimi unasemaga." Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akitupiga jicho kali tukitafuna kalamu: "Kinywa si mufuko! Toa!"

Tena kuna ile siku alitupeleka malishoni kutafuta mawe, darasa zima nyuma yake. Akaona kitu cheusi, kimekauka vizuri, kinang'aa kidogo. Akakiokota, akakilamba. Sote tuliona ng'ombe waliokuwa wamepita hapo, ila yeye hakuwaona. Akasimama kidogo, akameza mate, mwenzetu mmoja mtundu akauliza, "Mwalimu, iko jiwe ya aina gani?" Akakirudisha chini polepole kwa heshima zote, akasema, "Hii ingali changa. Tuiache ikomae." Tulicheka mpaka tukakaa chini, naye akaendelea mbele kana kwamba hakuna lililotokea.

Mimi ni mshonaji. Mashine yangu ilikuwa barazani, ng'ambo ya barabara, ikitazamana na mlango wa makumbusho yetu, kwa hiyo mambo ya Mwalimu niliyaona yote hata yale nisiyotaka kuyaona. Alinifundisha nikiwa msichana, na hata sasa nikiwa na wajukuu, bado ananiita mwanafunzi. Siku moja alinirekebisha jinsi ninavyokaa mbele ya mteja. "Mugongo sawa, mwanafunzi!" Mteja akadhani namlipa yule mzee anisimamie.

Mke wake alikufa zamani, na tangu hapo jikoni kwake hapakuwaka moto. Hakuomba chakula kwa mtu, haya ilimzuia, lakini alikuwa na namna yake. Saa ya kula ikifika, alitokea mlangoni na jiwe mkononi. "Mama, nilipita tu nikuonyeshe hii." Wewe unalitazama, unasema nzuri, harufu ya sombe, majani ya muhogo, inatoka jikoni, yeye hasogei. "Angalia vizuri. Iko na mistari." Unaitazama mistari. Mwishowe unasema, "Karibu, Mwalimu, ule kidogo," naye anashtuka kama mtu aliyesahau kwamba watu hula. Watoto wangu walijua mawe mengi kabla ya kujua kusoma, na yote waliyajua kwa sababu ya maharagi ya mama yao.

Aliwafundisha wengine kuwahi, mwenyewe alichelewa kila mahali. Ibadani alifika wakati wa matangazo. Ukimwambia kitu alijibu, "Jiwe haikimbiage, na iko hapa mbele yetu sisi wote."

Alichokiogopa duniani ni kimoja: pikipiki. Na mawe aliyoyataka yalikuwa mbali, huko Walikale, ambako hufiki bila pikipiki. Basi alipanda akilia. Simaanishi machozi, namaanisha sauti. Alitoka Masisi akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu, kila kona anabadilisha wimbo, na kwenye kila daraja la miti alishuka akavuka kwa miguu, kisha akamlaumu dereva kwa kumchelewesha. Alikwenda Itebero hivyo, ndani ya pori, akarudi amepakata jiwe la ukubwa wa mbuzi. Dereva alilalamika kwamba gari la magurudumu mawili haliwezi kubeba mlima. Mwalimu akamwambia, "Tukiwa wazito hatutaruka. Hiyo njo sayansi." Yule dereva alikunywa chai barazani kwangu kabla hajaweza kuongea. "Mama," akaniambia, "ule muzee, akirudi kunitafuta, sema nilikufa."

Haya. Sasa nifike kwenye makumbusho, maana ndipo Mwalimu alipoonekana mzima mzima, na akili zake na upungufu wake.

Makumbusho yetu ni chumba kimoja kirefu kando ya barabara. Ndani mlikuwa na ngoma moja, mikuki, kibuyu cha maziwa, na redio kubwa ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka iliwahi kusema nini. Wageni walikuwa mbuzi na wanafunzi waliokimbia mvua. Kamati ya chumba hicho iliongozwa na mtu tuliyemwita Papa Prezida, mtu mwema, mnene, mwenye viti. Viti vya plastiki vya kukodisha kwa harusi na misiba. Vilikuwa vinalala nje, vinanyeshewa, na Papa Prezida aliviwazia kuliko watoto wake.

Mwalimu alipokwenda kumwomba chumba kwa ajili ya maonyesho ya mawe, maonyesho ya familia nzima, baba na mama na watoto, Papa Prezida alikuna kidevu. "Mwalimu, hapa Masisi mawe iko kila fasi. Nani atatoka kwake kuya kuangalia jiwe?" Lakini akampa Jumamosi moja ajaribu. Familia zikija, chumba ni cha mawe. Zisipokuja, viti vinaingia, na mlango unafungwa.

Jioni ile Mwalimu alikuja barazani bila jiwe mkononi, ndipo nikajua ana uzito moyoni. Alikaa, akaniambia, "Mwanafunzi, hapa kwetu mutoto akiokota jiwe, mutu mukubwa anamuuliza kitu moja tu: inauzikaga? Kila siku, kila fasi: inauzikaga? Miye natafuta fasi moja kwenye mutoto atashika jiwe na hakuna mutu atamuuliza vile. Wakiingiza viti mule ndani, miye nimezeeka, sitapata fasi ingine." Alisema hivyo akitazama mlango wa chumba. Roho yangu iliniuma. Nikamwambia nitamshonea vitambaa vya meza, bure.

Jumamosi ya kwanza alipanga vizuri, siwezi kumsengenya. Meza kando ya mlango, kitambaa cheupe, mawe yamelala mstari mmoja, kila moja na karatasi yake ndogo: kwarzi, mika, lava, jiwe la mbuzi wa Itebero. Kisha, ili watoto wajue kwamba mawe mawili yenye ukubwa mmoja yanaweza kupishana uzito, akaweka mezani mizani. Na yeye akakaa nyuma ya mizani, amevaa miwani.

Mungu wangu! Wewe usiye wa huku pengine huoni ubaya. Lakini kwetu, meza, kitambaa, mawe, mizani, na mtu mwenye miwani nyuma yake, hiyo ni kitu kimoja tu: mnunuzi wa madini amefika. Habari ilipanda milima haraka kuliko moshi. Kabla jua halijapata joto, wachimbaji walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye baraza langu, mifuko mabegani, matope mpaka magotini. Mtoto hata mmoja hakuwepo.

Mwalimu aliinuka akanipungia mkono kwa furaha. "Ona, mwanafunzi! Watu wamekuya!"

Wa kwanza alimwaga mfuko wake mezani. "Papa, pima."

Mwalimu akapima kwa furaha. Akachagua jiwe moja, akalilamba, akatikisa kichwa. "Nzuri sana. Nzuri kabisa! Asante kwa kuleta. Mwenye kufuata!"

"Na miye?" mchimbaji akauliza.

"Weye pia unaweza kuangalia. Ikala hapo na wengine."

Yule kijana alikusanya mawe yake, akatoka ameshangaa. Nikamsikia anamwambia mwenzake, "Huyu mununuzi iko mugumu, kaka. Hata bei hatoe. Anakulambia tu." Basi badala ya kukata tamaa, walirudi nyumbani kuleta mawe bora zaidi! Mpaka mchana walikuwa wanakuja, na sifa ya Mwalimu ilikuwa imefika mbali, kwamba hajapata kutokea mnunuzi mwenye moyo mgumu kama yule. Jioni alikuwa amepima nusu ya milima ya Masisi, hajachukua hata kokoto, na koo limemkauka kwa kuwaeleza watu walioshika mifuko yao kwa nguvu jinsi dunia ilivyoumbwa.

Papa Prezida alikuja kutazama. Akazunguka chumba, akatoka. "Mwalimu, hii si familia. Hii iko mashimo yote ya machimbo imesimama hapa. Ninakupatia Jumamosi moja ya mwisho. Nataka bamama na batoto. Wasipokuya, mchana viti vyangu vinaingia."

Mimi, kimdomo changu, nikatoa ushauri. Nikamwambia, "Mwalimu, bamama hawakuje kwa sababu ile mawe yako hawaijue. Weka mawe yao. Ile ya nyumbani." Nilikuwa nawaza jiwe la kusagia, jiwe la kunolea kisu, lile jiwe jepesi lenye matundu tunalosugulia visigino. Uso wake ukawaka. Aliondoka barazani akiongea peke yake, na mimi nikarudi kwenye mshono wangu nikijiona nina akili.

Ijumaa, mama wote wakiwa shambani kuvuna maharagi, nami kwenye mashine yangu, Mwalimu aliazima chukudu, ile gari yetu ya mbao ya kusukuma, akapita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba alimkuta baba. Kila baba alimwuliza anataka jiwe gani. Na Mwalimu, ambaye hajapika maishani mwake, aliingia jikoni, akatazama, akaona mawe meusi matatu yamezunguka majivu. Mafiga! Jiwe la mama, jiwe la nyumbani, nani atakataa kuja kuona jiwe lake mwenyewe? Akasema, "Naomba hii." Na kila baba, ambaye naye hajapika maishani mwake, akasema, "Beba tu, Mwalimu. Iko ingine mbili."

Tena hapo ndipo heshima yake ilipotuua. Wengine walimwambia abebe yote. Alikataa! Hakutaka kusumbua watu. Nyumba moja, figa moja. Mawili akayaacha.

Niliona chukudu ikipita mara nyingi mbele ya baraza, imejaa mawe meusi, nikadhani ni ya volkano. Nikamsikia nyuma ya makumbusho anasugua kitu na brashi mpaka jioni, akiimba zile nyimbo zake za pikipiki. Nikafurahi kwa ajili yake. Nikafunga mashine, nikaenda kwangu, nikawasha moto, nikatereka chungu cha maharagi, chungu kikainama, maharagi yakaenda kwa kuku.

Nikainua macho. Mume wangu alikuwa mlangoni.

"Mama, usikasirike," akasema. "Ni Mwalimu. Alibeba moja tu. Alikatala hata kubeba ya pili. Ule muzee iko na heshima sana."

"Na chungu itaikala juu ya heshima?"

Akaanza kufukuza kuku. Wahenga walishasema, figa moja haliinjiki chungu. Mawili hawakuyataja, nafikiri hawakuwaza kama kuna wanaume wa namna hii. Na usiniambie ningeokota jiwe lingine, kana kwamba mafiga huokotwa njiani. Jiwe la mto ukiliwashia moto linapasuka, vipande vinaruka usoni, nyumba nzima inakimbia. Figa hutafutwa, linajaribiwa, linazoeana na wenzake mpaka kimo chao kinalingana na chungu hakitikisiki. Yangu yalinichukua mwaka mzima. Jioni hiyo kutoka kilima hiki mpaka kile nilisikia sauti za wanawake zikipanda, na kila nyumba sauti nyembamba ya mwanaume inajibu kwamba lilikuwa moja tu.

Asubuhi tulishuka. Hakuna aliyempigia mwenzake simu. Tulikutana tu barabarani, kila mmoja na chungu kichwani, watoto nyuma hawajala, nyanya na fimbo zao. Mwalimu alikuwa mlangoni na shati jeupe na fimbo ya kuonyeshea mkononi. Alipotuona tunakuja, akafungua mikono yote miwili.

"Karibuni, bamama! Karibuni na batoto! Musiguse kwanza. Tutaanza na historia ya volkano."

"Volkano iko kwangu leo, Mwalimu!" mama mmoja akasema. "Batoto walilala njala. Figa yangu iko wapi?"

Tukaingia. Mafiga yalikuwa juu ya meza, juu ya vitambaa vyangu vyeupe. Yanang'aa. Hakuna doa la moshi. Mengine yalikuwa ya kijivu, mengine yana wekundu, moja lina vimeremeto, na kila moja lina karatasi yake. Tulisimama tukiyatazama, na hakuna mama hata mmoja aliyelijua la kwake.

"Ulifanya nini mawe yetu?" nikamwuliza.

"Niliyasafisha," akasema kwa fahari.

"Uliyasafisha?"

"Na sabuni."

Loo! Kelele zilizotoka pale ziliwatoa mbuzi. Sasa fikiria wanawake wa kilima kizima wanatafuta mawe waliyoyajua kwa masizi yake, na masizi hayapo. Mmoja alinusa. Mmoja alilibeba kiunoni kupima uzito wake. Wawili walishika jiwe moja, huyu upande huu, yule upande ule, wote wanaapa. Mmoja wao akainama akalilamba. "Iko yangu! Chungu yangu inamwagikaga kila siku, iko na chumvi!"

"Mumeona!" Mwalimu akapiga kelele kutoka kona aliyosukumiwa. "Mumeona! Ulimi!"

Ndipo mama mmoja akapata akili. Akawatuma watoto wake wakalete yale mawili yaliyobaki, ajaribishe lipi linalingana nayo. Kila mama akafanya hivyo. Watoto wakakimbia, wakarudi na mawe kwenye vichwa, kwenye chukudu, ndani ya mabeseni, na baba zao nyuma wakisukuma kimya kimya. Chumba kikajaa. Sakafuni kote palikuwa na mafiga matatu matatu, chungu kinawekwa, kinatikiswa, kinaondolewa, linajaribiwa jingine. Watoto walikuwa wameshika mawe, wanayageuza, wanalinganisha. "Mama, hii iko na mistari." "Hii iko nzito kushinda ile." Mimi nikamtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa ameshusha ile fimbo yake ya kuonyeshea.

Kuna nyanya mmoja aliyelipata la kwake mapema, akalikalia ili lisiibiwe tena. Mjukuu wake akamwuliza kwa nini wanagombania jiwe. Nyanya akamwambia kwamba jiwe hilo lilitoka upande wa Pinga, lilipanda milima mgongoni mwake siku alipoolewa, kwa sababu mama yake hakuyaamini mawe ya Masisi. "Alisema mawe ya huku inapasukaga sawa na wanaume ya huku." Watoto wengine wakasogea. Mwalimu naye akasogea, akakaa chini katikati yao, akanyoosha kidole juu kama wao, akingoja aruhusiwe kuuliza swali.

Mchana Papa Prezida alifika. Nyuma yake vijana wamebeba viti vichwani, kwa sababu aliambiwa tu kwamba Mwalimu yuko taabani na wanawake. Alifika mlangoni akashindwa kuingia. Akajaribu upande mmoja, kuna chungu. Upande mwingine, kuna mtoto na figa. Na katikati ya chumba, na kitambaa kimefungwa kiunoni tayari kwa vita, alisimama Mama Prezida.

"Weye!" akasema. "Weye njo ulimupatia Mwalimu figa yangu?"

Papa Prezida akatutazama sote. "Ilikuwa moja tu," akasema.

Tulicheka hata tukashikana. Wanaume walicheka pia, wale waliokuwa wamejificha ukutani, kwa kuona mkubwa wao yuko pamoja nao. Papa Prezida akangoja tunyamaze, tumbo lake likasikika, maana naye hakula tangu jana. Akauliza kwa upole, "Sasa hivi viti, tuingize wapi?"

"Nyumbani," mke wake akasema. "Mu chumba ya kulala. Upande wako."

Hivyo ndivyo chumba kilivyokuwa cha mawe. Tulipika pale pale uani, maharagi na bukari, ugali wetu, na Mwalimu alikula bila kuonyesha jiwe lolote, mara ya kwanza nimwone akila hivyo. Jioni kila mama alibeba la kwake, ingawa mpaka leo nina mashaka na moja la kwangu. Na baada ya siku hiyo watu walikuja wenyewe, na watoto wao, wakileta mawe waliyoyaokota njiani. Walimwuliza Mwalimu yalitoka wapi. Alijibu kila mmoja, kwa urefu, hata aliyekuwa na haraka.

Mara ya mwisho kumwona haikuwa kilimani kwetu. Risasi zilikuja upande wetu, mlima wetu ukahama, na mimi nikajikuta Kitshanga, kwenye kambi, na kichwa cha mashine yangu nilichokibeba mgongoni. Mwalimu hakuwepo tulipoondoka. Alikuwa amekwenda Pinga kufuata jiwe, barabara ikafungwa nyuma yake. Sikujua kama anaishi.

Nilimkuta sokoni, penye mihogo, amekonda, shati lile lile. Anabishana na mama muuzaji juu ya kokoto iliyokuwa ndani ya beseni la unga wake, anaitaka, na mama anadhani anatafuta ila. Nikamwita. Aligeuka, akanitazama sana. "Mwanafunzi," akasema, "mugongo sawa." Kisha akanishika mikono yote miwili na hakuiachia.

Tuliulizana habari za watu, nani yuko, nani hayuko. Aliacha swali lake mwisho kabisa, na aliliuliza akitazama pembeni. "Na ile chumba ya mawe? Waliingiza viti, hapana?"

"Viti vilibakia inje, Mwalimu, mu mvua. Miye njo nilifunga mulango. Ufunguo iko hapa."

"Uliacha nini ndani?"

Basi nikamwambia. Asubuhi ile ya kukimbia nilipita kufunga, nikakuta akina mama mlangoni, wamepanga foleni, na mizigo tayari kichwani na watoto mgongoni. Kila mmoja ameshika mafiga yake. Jiwe hukimbii nalo, linakulemea, lakini hawakutaka kuyaacha kwenye majivu, ambako mtu yeyote angeyapiga teke. Waliniambia, "Mama, tuyaweke humu. Tukirudi tutajua yako wapi." Mama Prezida alikuwa wa mbele. Chumba kilijaa mpaka dirishani, na nikafunika yote na vile vitambaa.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Waliyapanga kufuata aina?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Waliyapanga kufuata ujirani. Nyumba na nyumba, vile tunaikalaga."

Nilingoja anisahihishe. Badala yake akasema, kwa sauti ndogo, "Kwangu basi kulibakia wazi. Miye sina figa."

"Uko nayo," nikamwambia. "Jirani yako aliingia mu jikoni ya marehemu muke yako. Alikuta mafiga yake chini ya majani, fasi ile ile aliiacha. Aliyabeba. Yako hapo katikati yetu, na masizi yake."

"Moja?"

"Yote tatu, Mwalimu."

Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa palipokuwa karibu, akafunika uso, akalia mbele ya soko zima, na mimi nikalia pamoja naye. Mama muuzaji akatuangalia, akamgusa bega polepole.

"Papa," akasema, "uliikalia mihogo yangu." Halafu akamwambia asiinuke kwanza.